Maelezo ya zana yamepata 9 kwa 10, mbona wakala bado anafuta tiketi za watu?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mjomba wangu ana mabasi matatu yanayokwenda Mbeya kutoka Dar. Nimemtengenezea msaidizi (wakala) wa WhatsApp anayetumia akili mnemba, na nimempa zana 14: ya kutafuta safari, ya kukata tiketi, ya kuangalia malipo, ya kuahirisha, ya kughairi na nyinginezo. Maelezo ya kila zana niliyaandika kwa makini, kisha nikaipa modeli nyingine kubwa ya akili mnemba iyasahihishe na kuyapa alama. Karibu yote yalipata 9 kwa 10. Lakini mwezi huu msaidizi amefuta mara mbili tiketi ya mtu aliyetaka kusogeza safari tu, na juzi abiria aliyeomba basi la saa kumi na mbili asubuhi alikatiwa la saa sita mchana. Mjomba ameanza kukasirika. Je, nibadilishe modeli? Nirefushe maelezo? Niyaandike kwa Kiingereza? Na kubwa kuliko yote, nitajuaje kama maelezo ya zana ni mazuri kabla mteja hajaumia?"

Jibu:

Pole sana kwa msukosuko, na wapelekee pole wale abiria wawili pia. Kabla sijaingia kwenye maelezo, nina ombi moja la leo hii: zima zana ya kughairi. Mteja akitaka kughairi, msaidizi achukue namba ya tiketi na ampeleke kwa karani. Haitakugharimu zaidi ya dakika kumi za kazi, na itakupa nafasi ya kurekebisha mengine bila kuogopa simu ya mjomba.

Nimekuelewa hivi: umefanya kazi yako kwa uangalifu, ukaipeleka kwa msahihishaji, msahihishaji akaisifu, lakini matokeo yanasema vingine. Kwa hiyo umeanza kushuku kila kitu isipokuwa ile alama ya 9. Mimi naanzia hapohapo kwenye alama.

Modeli yako haioni msimbo ulioandika, yaani maagizo ya programu yenyewe. Haijui kwamba ghairi_safari inafuta mstari kwenye kanzidata, hifadhi ya taarifa za tiketi, na kuachia kiti. Kinachoifikia ni maandishi matupu: jina la zana, maelezo yake, na orodha ya parameta zake, yaani taarifa inazotaka kujaziwa. Ndivyo ilivyokuwa kampuni ya OpenAI walipowafungulia watengenezaji programu mlango wa kuzipa modeli zana Juni 2023, na ndivyo ilivyo kwenye itifaki ya MCP, kanuni za pamoja za kuunganisha modeli na zana, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Maandishi hayo yanamwagwa mahali pamoja na maelekezo yako ya jumla na ujumbe wa mteja, na modeli inayasoma yote kwa pamoja kila mara inapotaka kuamua hatua inayofuata. Mfikirie karani aliyeajiriwa leo asubuhi, amefungiwa kwenye kibanda chenye droo 14, hajui ndani ya kila droo mna nini, na anachoweza kusoma ni kibandiko cha nje tu. Abiria anaongea dirishani, naye anatazama vibandiko vyote 14 kwa mpigo na kuvuta kile kinachofanana zaidi na maneno aliyoyasikia.

Hapo ndipo kosa la msahihishaji wako lilipo. Ulimpa kibandiko kimoja kimoja, akakisoma kama mwalimu wa insha anavyosoma. Modeli zinapotumiwa kama waamuzi zina udhaifu ambao watafiti waliuandika tangu 2023: huvutiwa na maandishi marefu, hata pale urefu usipoongeza kitu. Na hata pasingekuwa na udhaifu huo, swali lenyewe halikuwa sahihi. Maelezo ya zana hayana ubora yakiwa peke yake. Ubora wake unaonekana yakisimama karibu na jirani zake, mbele ya mteja anayeandika kwa haraka huku amesimama kwenye daladala.

Chukua maelezo mawili uliyoniambatanishia:

ahirisha_safari: "Hushughulikia mabadiliko ya safari ya mteja kwa ufanisi."

ghairi_safari: "Hutumika pale mteja anapohitaji kubadilisha mpango wake wa safari."

Sasa chukua ujumbe wa mmoja wa wale abiria, kama ulivyonitumia: "Samahani nimepata msiba, Jumamosi siendi tena ntaenda Jumatano." Usome ukiwa karani wa vibandiko. Zana zote mbili zinasema zinahusu mabadiliko. Hakuna hata moja inayosema kinachotokea kwenye kiti. Kilichobaki cha kuamulia ni neno "ghairi" kwenye jina na maneno "siendi tena" kwenye ujumbe, na hayo mawili yanavutana. Modeli haikuwa na upungufu wa akili hapo. Ilinyimwa habari. "Kwa ufanisi" ni sifa, na sifa haimsaidii mtu kuchagua droo.

Mimi ningeandika ghairi_safari hivi:

"Hufuta kabisa tiketi iliyolipiwa na kuachia kiti kiuzwe kwa mtu mwingine. Kiti kikishaachiwa hakirudi. Tumia pale tu mteja anaposema hasafiri kabisa na anataka hela yake. Akitaja siku au saa nyingine ya kusafiri, hata kama ametangulia kusema 'siendi tena', tumia ahirisha_safari. Kama haieleweki, muulize kwanza. Inahitaji namba ya tiketi, si namba ya simu. Ukiwa na simu pekee, anza na tafuta_tiketi. Zana hii hairudishi hela: inatoa kiasi anachodai mteja, na karani ndiye anayelipa."

Ndiyo, ni marefu zaidi, lakini angalia urefu umekwenda wapi. Sentensi ya kwanza na ya pili zinasema kinachotokea duniani, si kwenye kompyuta. Mbili zinazofuata zinachora mpaka na jirani kwa maneno ya abiria mwenyewe. Ile ya namba ya tiketi inazuia jaribio ambalo lingeshindwa. Na sentensi ya mwisho nimeiweka kwa sababu nimeona mara nyingi wakala akimwambia mteja "hela yako imesharudishwa" wakati hakuna hela iliyotoka popote. Kosa hilo huleta ugomvi wa kweli dirishani. Kwa hiyo swali la "nirefushe?" jibu lake ni kwamba kila sentensi ibadilishe uamuzi fulani. Isiyobadilisha uamuzi, iondoe, maana maelezo yote 14 yanasomwa upya kila hatua, unayalipia, na yanakula nafasi ya mazungumzo.

Tuje kwenye saa, ambako pana utamu wake. Abiria aliandika "saa kumi na mbili asubuhi". Sisi tunajua ni alfajiri jua linapochomoza, 06:00. Modeli ilichukua 12 ikaandika 12:00, na zana yako ikapokea bila kinyongo kwa sababu parameta uliyoiita "saa" inakubali maandishi yoyote. Ungeweza kuongeza kwenye maelezo: "Mteja anayetumia saa za Kiswahili, ongeza au punguza sita." Itasaidia kwa sehemu kubwa. Kisha atakuja mtu aandike "saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi", na sasa modeli inapaswa kubadili saa na pia kujua kwamba tarehe ni ya Jumamosi yenyewe, 03:00. Mwingine ataandika "saa 6" na hutajua kama anasoma simu yake au anasema kama bibi yake.

Kwa jambo la namna hii ushauri wangu ni kuacha kuongeza maneno na kubadilisha umbo la zana. Anthropic walieleza mfano mzuri mwishoni mwa 2024: wakala wao wa kuandika programu alikuwa akikosea njia za mafaili (anwani zake ndani ya kompyuta) kila alipohama kutoka folda kuu, kwa sababu zana ilikubali njia fupi. Hawakumhubiria. Walibadilisha zana ikadai njia kamili kila mara, na kosa likakoma. Nawe fanya hivyo: kata_tiketi isipokee saa kabisa. Ipokee namba ya safari iliyotoka kwenye matokeo ya tafuta_safari, na matokeo hayo yaandikwe kwa saa zote mbili: "06:00, yaani saa 12 asubuhi, Mbezi Luis hadi Mbeya". Msaidizi amsomee mteja mstari huo, mteja aseme ndiyo, basi. Vituo navyo viwe orodha iliyofungwa. Mtu akisema "Mbezi" anaweza kuwa na maana ya kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, au anaishi Mbezi Beach na hajui basi linaanzia wapi. Wapo pia ambao midomo yao bado inasema Ubungo. Orodha fupi yenye majina mbadala ndani ya zana inamaliza hayo yote kuliko aya tatu za tahadhari.

Hapa nataka uone jambo ambalo wengi hulipita: ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo. Zana ikirudisha "Kosa 400", wakala atabahatisha tena. Ikirudisha "Namba ya tiketi haipo. Kama una namba ya simu ya mteja, tumia tafuta_tiketi", umemwelekeza pale pale alipokwama. Unapotathmini maelezo, tathmini na majibu.

Sasa swali lako kubwa, utajuaje kabla mteja hajaumia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Itabidi uyalalie maelezo yako. Chukua ujumbe 60 wa kweli kutoka kwenye mazungumzo mliyonayo. Usiutunge mwenyewe, kwa sababu wewe unajua majina ya zana na utaandika kama mtu anayezijua. Uache na makosa yake ya tahajia, "ntaenda", "xamahani", na sauti zilizoandikwa nusu. Kando ya kila ujumbe andika jibu sahihi: zana ipi, kwa parameta zipi. Na hakikisha sehemu nzuri ya ujumbe huo jibu lake sahihi ni "usiite zana yoyote" au "uliza kwanza". Watu husahau hili, wakapata wakala hodari wa kuita zana hata anaposalimiwa. Tafuta pia ujumbe pacha, ule unaotofautiana kwa neno moja tu: "siendi tena" na "siendi tena Jumamosi".

Tenga 20 kati ya hizo, usizitazame tena. Hizo 40 zilizobaki, pitisha kila moja mara tano kwenye nakala ya majaribio ya mfumo, yenye kanzidata isiyo ya kweli. Mara tano kwa sababu modeli haijibu vilevile kila siku. Mwaka 2024 kilitoka kipimo kiitwacho tau-bench, kinachojaribu mawakala wa huduma kwa wateja wa duka na wa shirika la ndege, jirani kabisa na kazi yako. Kinatazama hali ya kanzidata mwishoni mwa mazungumzo badala ya kusifia mazungumzo yenyewe, na kinahesabu kama wakala anafaulu jambo lilelile kila linaporudiwa. Wakati ule hata GPT-4o, modeli ya OpenAI, ilimaliza chini ya nusu ya kazi, na upande wa duka kufaulu mara zote nane mfululizo kulikuwa chini ya asilimia 25. Modeli zimesonga mbele tangu hapo, lakini njia ya kupima ni ileile. Abiria wako hatakubali kuambiwa kwamba mara nne kati ya tano tiketi yake ingesalimika.

Matokeo yaweke kwenye jedwali: kushoto zana iliyopaswa kuitwa, juu zana iliyoitwa. Usianze na wastani. Tafuta kisanduku kimoja chenye namba kubwa nje ya mstari wa mshazari, ule ambao zana iliyopaswa na iliyoitwa ni ileile. Nadhani utakuta ahirisha inaangukia ghairi, na pengine angalia_malipo inagombana na tafuta_tiketi. Rekebisha jozi hiyo peke yake, rudia, linganisha. Ukibadilisha maelezo sita kwa siku moja, hutajua lipi lilisaidia na lipi liliharibu, kwa sababu kunyoosha zana moja kunaweza kuivuta kazi ya jirani yake. Jedwali likitulia, ndipo ufungue zile 20 ulizoficha. Zikifanya vibaya kuliko zile 40, ujue umeyakariri maswali.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko yote na ni la bei rahisi: futa maelezo ya zana moja, bakiza jina tu, kisha pima. Matokeo yasipobadilika, maelezo yale hayafanyi kazi yoyote, yawe yamepata 9 au 10. Nililifanya kwenye mradi mmoja wa vifurushi niliousaidia miaka ya karibuni. Kulikuwa na zana iliyoitwa "tuma". Maelezo yake yalikuwa aya nzuri, lakini kuyafuta hakukubadilisha chochote, kwa sababu jina lilikuwa limeshika usukani. Na kwa Kiswahili "tuma" ni hela, ni ujumbe, ni mzigo, ni mtoto. Wateja waliosema "nitumie" wakimaanisha risiti walianzishiwa maombi ya kusafirisha mzigo. Tuliigawa ikawa tuma_risiti na sajili_mzigo, na zaidi ya nusu ya aya ile tukaitupa.

Modeli mwamuzi usiitupe. Ibadilishie kazi. Ipe maelezo bila msimbo, na uiulize: zana hii inabadilisha nini? Kinaweza kurudishwa? Ni lini haipaswi kuitwa? Inatofautianaje na hizi nyingine 13? Linganisha majibu na ukweli unaoujua. Pale inapobahatisha, pana pengo. Hiyo ni kazi ya dakika chache na inanasa makosa mengi kabla ya majaribio, ila isichukue nafasi ya majaribio.

Kuhusu Kiingereza au Kiswahili, sina jibu la dini. Modeli husoma maandishi kwa vipande, na unalipia kila kipande. Nyingi hukata Kiswahili vipande vingi zaidi, kwa hiyo maelezo yaleyale hugharimu zaidi, na zimesoma Kiingereza kingi kuliko chetu. Upande wa pili, maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa na mtu asiyekimudu yana ukungu kuliko Kiswahili safi. Uzoefu wangu unanielekeza hivi: andika kwa lugha ambayo wewe na atakayekurithi mnaweza kuwa sahihi nayo, lakini maneno ya mteja, "nisogezee", "siendi tena", "hela yangu", yabaki kwa Kiswahili kama yalivyo, kwa sababu ndiyo daraja kati ya ujumbe na zana. Kisha pima zote mbili kwa ujumbe uleule. Jedwali litakujibu kuliko mimi.

Na modeli? Ibadilishe mwisho. Modeli bora hubahatisha vizuri zaidi, nawe hutaki ibahatishe kiti cha mtu.

Kuna hatari ndogo ya pembeni: ukija kuchukua zana zilizotengenezwa na wengine, kumbuka maelezo yao nayo yanaingia kichwani mwa wakala wako. Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha jinsi maagizo ya hila yanavyoweza kufichwa ndani ya maelezo ya zana inayoonekana ya kawaida. Yasome yote wewe mwenyewe kabla ya kuyaunganisha.

Ipo mipaka ambayo maelezo hayaivuki, hata yawe mazuri namna gani. MCP ina alama ya kuonyesha kwamba zana inaharibu kitu, lakini ni dokezo tu, hakuna kinachoilazimisha seva kusema kweli. Kughairi kuwe na kizuizi ndani ya msimbo: mteja aandike namba ya tiketi na neno NDIYO, na kiti kishikiliwe kwa muda kabla hakijauzwa. Maelezo yanapunguza makosa. Kizuizi kinalinda yale yatakayobaki.

Na kuna mahali ambapo barua kama hii haitoshi. Ukitaka kumpa wakala zana ya kurudisha hela moja kwa moja kwenye simu ya mteja, tafuta mtu wa usalama wa mifumo ya malipo aje akae nawe, aone msimbo, aone funguo umezihifadhi wapi. Ujumbe wa wateja unaoutumia kwa majaribio ondoa majina na namba za simu kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama mabasi ni matatu, na kama huna uhakika wa wajibu wa mjomba, zungumzeni na mwanasheria. Msaada wa kwanza kabisa, hata hivyo, uko karibu zaidi. Nenda ukakae siku nzima na karani wa dirishani, ukiwa na daftari. Sikiliza anachouliza kabla hajagusa tiketi ya mtu. Yule mama au kaka amekuwa akitofautisha kuahirisha na kughairi kwa miaka, mara nyingi kwa swali moja fupi: "Utasafiri lini?" Swali hilo liandike kwenye maelezo ya zana zote mbili kabla hujaiwasha tena ile niliyokuomba uizime.